Saa Iliyokuwa Ikinong'ona

Saa ilikuwa imekamilika, au ndivyo nilivyojidanganya. Arduino Uno moja, yaani bodi ndogo ya umeme inayopokea programu, chipu ya DS3231 ya kutunza muda, kadi ya SD yenye maneno niliyoyarekodi kwa sauti yangu mwenyewe, spika ndogo inayoenea kiganjani na kitufe kimoja kikubwa. Ukibonyeza, inakutajia saa. Nilimtengenezea bibi yangu, ambaye macho yamefifia kiasi kwamba saa ya ukutani kwake ni duara jeupe tu. Nikampelekea, nikamwamkia, nikamshika mkono nikakiweka kidole chake juu ya kitufe. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Mara ya tatu akainama mpaka sikio likagusa meza.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii inataja saa au inasengenya watu?"

Tuliokuwepo tukacheka wote, ila mimi kicheko kilinikwama kooni. Saa yenyewe ilikuwa imenichukua wiki tatu. Kuipa sauti ya kusikika kulinichukua miezi miwili mingine, nikaua pini moja ya Arduino, transista moja, amplifaya (kikuza sauti) moja, na kuna spika ambayo mpaka leo ukiiwasha inakwaruza kama kikoromeo cha mtu mwenye mafua. Nikitazama nyuma, muda mwingi niliutumia kuongeza nguvu mahali ambapo nguvu haikuwa imepungua.

Hata ule mnong'ono ulikuwa na gharama yake. Katika jaribio la kwanza kabisa, kabla bibi hajaiona saa, niliunganisha spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) moja kwa moja: waya mmoja pini namba 3, mwingine kwenye hasi. Ikasema. Kwa siku mbili ilisema vizuri tu, kisha sauti ikaanza kufifia, kisha ikanyamaza, na pini namba 3 haikufufuka tena. Nilibadilisha spika, nikabadilisha waya, nikaandika upya programu usiku kucha, nikilaumu kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe. Hesabu ambayo ingeniokoa ni ya darasani: volti 5 gawanya kwa omu 8 unapata miliampea 625. Chipu ya ATmega328P iliyomo ndani ya Uno haitakiwi kuvuka miliampea 40 kwa pini moja hata iweje, na Arduino wenyewe wanashauri uishie 20. Pini haikuwa ikitoa hizo 625 kweli. Ilikuwa inazidiwa, volti zake zinaporomoka, na joto linailia ndani kwa ndani. Bahati yangu, chipu ya bodi yangu ni ile ndefu ya miguu 28 inayochomekwa kwenye soketi. Niliing'oa nikachomeka nyingine. Ambaye chipu yake imelehemewa moja kwa moja kwenye bodi hana bahati hiyo.

Baada ya msiba huo nikaweka resista ya omu 220, ya kubana mkondo, kati ya pini na spika. Sasa mkondo ukawa miliampea 22 hivi, pini salama, na spika inapata takribani miliwati 4 pale pini inapowaka. Miliwati 4. Huo ndio mnong'ono nilioupeleka kwa bibi nikiwa nimevimba kichwa.

Ukiwa na mradi wa kupiga mlio tu, kengele ya mlango au king'ora kidogo, ishia hapa na usihangaike na mengine yote ninayoyasimulia. Tafuta bazza ya piezo, kisahani chembamba kinachopiga mlio kikipewa umeme. Inakula mkondo kidogo sana, na inapiga kelele kali ikipewa mlio uliokaribiana na mlio wake wa asili, ambao kwa nyingi uko kati ya kilohezi 2 na 4, mahali ambapo sikio la mtu ndipo linaposikia vizuri zaidi. Ukiiunganisha kati ya pini mbili, moja ikipanda nyingine inashuka, inapata tofauti ya volti maradufu bila kununua kitu. Lakini piezo haijui kusema. Nilijaribu, neno "nusu" lilitoka kama panya aliyekanyagwa.

Nikaingia kwenye transista, swichi ndogo ambayo mkondo mdogo wa pini unafungulia mkondo mkubwa wa spika. Nilichukua BC547 kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye kopo langu, resista ya kilo-omu 1 kwenye beisi (mguu unaoamrishwa na pini), spika kati ya volti 5 na kolekta (mguu unaopitisha mkondo wa spika). Mara hii sauti ilisikika mpaka chumba cha pili. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika kumi, mpaka niliposikia harufu. Kila anayelehemu anaijua harufu ile, ya plastiki iliyoanza kukata tamaa. BC547 inavumilia miliampea 100. Mimi nilikuwa naipitisha mamia. Nikaweka 2N2222, ambayo ina kifua kipana zaidi, na hiyo haikuungua. Ila niligundua jambo lingine lililonishtua: saa ikiwa kimya kabisa, spika ilikuwa ya moto.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana ndiyo mzizi wa makosa mengi. Pini ya Uno haijui kutoa volti 2 au 3. Inajua 0 na 5 tu. Ili kuigiza sauti, inawaka na kuzima kwa kasi kubwa, na upana wa kila pigo ndio unaobeba sauti. Ndiyo hiyo inayoitwa PWM. Kimya katika mtindo huu si sifuri. Kimya ni katikati: pini inawaka nusu ya muda na kuzima nusu ya muda. Kwa hiyo transista ilikuwa inapitisha mkondo nusu ya muda, mchana na usiku, karibu miliampea 300 za kupasha moto koili ya spika bila kusema neno. Na spika niliyoisema kwamba inakwaruza, ndiyo hiyo. Transista moja peke yake inafaa kwa milio. Kwa maneno, iache.

Nikiwa hapo kwenye PWM, kuna kosa lingine nililolifanya kimyakimya ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ukitumia amri ya kawaida ya analogWrite, pini namba 3 inawaka na kuzima mara 490 kwa sekunde. Hizo ni hezi 490, mlio unaosikika waziwazi, na unakaa juu ya sauti yako kama nyuki ndani ya chupa. Siku tatu nilidhani ni tatizo la umeme. Dawa yake ni kubadilisha mpangilio wa taima ya ndani ili ikimbie mara 62,500 kwa sekunde, yaani megahezi 16 za chipu gawanya kwa 256. Huko sikio halifiki. Na kwa nini pini 3 badala ya 11, ambayo nayo iko kwenye taima hiyohiyo? Kwa sababu 11, 12 na 13 zimeshachukuliwa na kadi ya SD. Hili nalo nililijua baada ya kuhangaika.

Basi, LM386. Ni amplifaya ya chipu moja ya miguu minane, ya zamani, rahisi, na michoro yake imejaa kila mahali. Nilisoma sehemu moja tu ya karatasi ya maelezo yake: ukiiacha ilivyo inakuza mara 20, ukiweka kapasita (kihifadhi kidogo cha umeme) ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8 inakuza mara 200. Mtu mwenye saa inayonong'ona akiona 20 na 200, unadhani atachagua ipi? Nikaweka kapasita. Nikaunganisha pini ya Arduino moja kwa moja kwenye mguu wa kuingilia. Nikabonyeza kitufe.

Kilichotoka sitakiita sauti. Ilikuwa kama mtu anaburuta bati juu ya changarawe. Nikabadilisha chipu nikidhani ni mbovu. Bati lilelile, changarawe ileile.

Karatasi ya maelezo ilikuwa na jibu mstari wa chini kidogo ya pale nilipoishia kusoma: mguu wa kuingilia usipewe zaidi ya volti 0.4 juu au chini. Mimi nilikuwa naupa volti 5. Na hata kama ungestahimili, volti 5 mara 200 ni volti 1000, nilizokuwa nikizidai kutoka kwa kitu kinacholishwa volti 5. Amplifaya haizai volti. Inaweza kupanda hadi karibu na kiwango inacholishwa, ikifika hapo inakata kichwa cha wimbi, na wimbi lililokatwa kichwa ndilo lile bati. Pini ya Uno si maikrofoni. Mawimbi yake ni makubwa tayari. Kinachokosekana ni mkondo, yaani msuli wa kuisukuma spika, na LM386 hata kwenye mara 20 ina msuli wa kutosha kwa kazi hii. Nilichotakiwa kufanya ni kuipunguza sauti kwanza ndipo niikuze. Kichwani mwangu hilo halikukaa sawasawa kwa siku nzima.

Mpangilio ulionifaa mwishowe ulikuwa hivi. Kutoka pini 3, resista ya kilo-omu 1, kisha kapasita ya nanofaradi 47 kwenda hasi. Hizo mbili ni chujio: zinapitisha kilicho chini ya kilohezi 3.4 hivi na kulainisha zile mbio za 62,500. Rekodi zangu zina sampuli 8,000 kwa sekunde, haziwezi kubeba chochote kilicho juu ya kilohezi 4, kwa hiyo sikupoteza kitu cha maana. Baada ya chujio, kapasita ya mikrofaradi 1 ya kuzuia ile volti ya katikati isipite, ili chipu ipokee mtikisiko wa sauti peke yake. Halafu resista ya kilo-omu 47, halafu volumu ya kilo-omu 10, na mguu wake wa kati ndio unaoingia LM386. Ukifungulia volumu mpaka mwisho, kinachoingia hakivuki zile volti 0.4.

Upande wa kutokea kuna mambo mawili ambayo watu wanayaruka, na mimi niliyaruka. Kwanza, mguu wa 5 unakaa kwenye nusu ya volti za chanzo muda wote, hivyo lazima kuwe na kapasita kubwa kabla ya spika. Niliweka mikrofaradi 220. Pili, resista ya omu 10 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 47, kutoka mguu huohuo wa 5 kwenda hasi. Niliiona kwenye mchoro nikaipuuza, nikaiona kama pambo. Chipu ikawa inaunguza kidole hata isiposema chochote, kwa sababu ilikuwa inapiga mluzi wa juu mno ambao sikio halisikii. Nilipoweka vile viwili ikapoa hapohapo.

Nakumbuka usiku niliomaliza huo mpangilio kwenye bredibodi, ule ubao wa majaribio usiohitaji kulehemu. Volumu ilikuwa imefungwa kabisa. Nilishika bisibisi nyembamba, nikaitia kwenye kile kimfereji cha volumu, mkono wa pili juu ya kitufe. Nikabonyeza: kimya. Nikazungusha kama robo ya mzunguko, nikabonyeza: mbali sana, kama mtu anaita ng'ambo ya mto, "saa". Nikazungusha tena. "Saa nne." Ilikuwa sauti yangu, na kwa mara ya kwanza nilisikia ule mkwaruzo kidogo wa koo nilio nao, kitu ambacho bati na changarawe vilikuwa vimekifunika. Nikaibonyeza kama mara ishirini. Ilikuwa saa nne kweli, na kesho yake nilitakiwa kuamka alfajiri.

Furaha ile ilidumu mpaka nilipoiondoa kwenye kompyuta na kuiweka kwenye betri. Nilitumia ile ya volti 9 ya mstatili, maana inaingia vizuri kwenye boksi. Nikabonyeza. "Saa." Kimya. "Saa." Kimya. "Saa." Ilikuwa kama mtu mwenye kigugumizi anayeogopa kukutajia kwamba umechelewa. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba kila amplifaya ilipovuta pumzi ya kusema neno, volti zilizama, Uno ikazimika nusu ya kupepesa jicho na kuanza upya. Na programu yangu ilikuwa inasema neno "saa" kila inapoanza, kama salamu. Niliweka mita kwenye betri: ikitulia inaonyesha zaidi ya 8, ikisema inaanguka mpaka mita yenyewe haiwahi kusoma. Betri zile zina ukinzani mkubwa ndani. Ni za vitu vinavyokunywa kidogokidogo kama kengele ya moshi. Kwa spika ni kama kujaza pipa kwa mrija wa kunywea soda.

Nikahamia kwenye chaja ya simu ya volti 5 na ampea 2, nikaweka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu kabisa na miguu ya umeme ya amplifaya. Si pembeni mwa boksi, karibu kabisa. Ile ni akiba ya kuchotwa ghafla, ikikaa mbali haifiki kwa wakati. Kigugumizi kikaisha. Ikabaki tik-tik-tik nyembamba kila kadi ya SD iliposomwa. Hiyo nayo nilitaka kuitafutia kichujio cha ajabu, kumbe ilikuwa njia ya waya. Waya wa hasi wa amplifaya niliupitisha kwenye bodi ya kadi, hivyo kila kadi ilipovuta mkondo, hasi ya amplifaya ilitikisika kidogo, na amplifaya ikaukuza mtikisiko ule kwa uaminifu. Nikauchomoa, nikauvuta peke yake hadi pale umeme unapoingilia. Tik-tik ikabaki ya kusikika kwa aliyeweka sikio tu.

Ukiniuliza sauti ilikuwaje wakati huo, ningekwambia ni ya wastani. Safi, lakini ya wastani. Nikaanza kutazama amplifaya kubwa zaidi. Rafiki yangu mmoja, ambaye kazi yake ni kurekodi na hajui hata resista ni nini, alikuja kunitembelea, akaisikiliza, akauliza swali ambalo mimi na vitabu vyangu vyote hatukuwahi kuliuliza.

"Kaka, rekodi zenyewe umezitazama?"

Sikuwa nimezitazama. Nilirekodi kwa simu, nikabadilisha ziwe WAV ya biti 8, nikazitupa kwenye kadi. Tukafungua moja kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Wimbi lilikuwa uzi mwembamba katikati ya skrini. Kilele chake hakikufika hata robo ya nafasi iliyopo. Biti 8 zinakupa ngazi 256 za sauti. Mimi nilikuwa natumia kama 64, na hizo nyingine nimeziacha bure kama vyumba vya nyumba isiyo na wapangaji. Rafiki akateua faili lote, akabofya amri ya kusawazisha kilele, akaliinua mpaka karibu na dari. Mara nne ya urefu wa wimbi ni desibeli 12, yaani nguvu mara 16, na haikugharimu hata waya mmoja. Tena mvumo wa nyuma wa amplifaya ukafunikwa na maneno.

Hapo akanionyesha na jingine. Spika ya ukubwa wa kiganja haiwezi kutoa besi, ila inajaribu. Koni inahangaika kwenda mbele na nyuma kwa ajili ya milio ambayo hutaisikia, na nafasi ya maneno inaliwa. Akakata kila kilicho chini ya hezi 300 kabla ya kusawazisha. Kwa simu ya kawaida sauti ya mtu inaanzia hapohapo na tunaelewana siku zote. Pia tuligundua kwamba "robo" nililitamka kwa nguvu na "kasoro" nililimeza, hivyo sentensi moja ilikuwa inapanda na kushuka kama ngalawa. Tulirekodi upya yote kwa kikao kimoja, mdomo umbali uleule kutoka kwenye simu, na faili likahifadhiwa kwanza kwa biti 16. Kushuka biti 8 ni hatua ya mwisho. Ukishusha kwanza ndipo uinue, unainua na mchanga wake.

Niliposikia matokeo nilikasirika, nakiri. Jioni moja kwenye kompyuta ilifanya zaidi ya majuma yangu manne na chuma cha kulehemu.

Na bado kulikuwa na boksi. Muda wote huu spika ilikuwa imelala mezani, imeangalia juu, waya zimening'inia. Siku moja nikaiokota kuisogeza, nikaiziba kwa bahati mbaya kwenye mdomo wa kopo tupu la plastiki wakati inasema. Sauti ikajaa. Sikuamini, nikaiondoa, nikairudisha. Ikiwa nje: ndogo, kavu, ya puani. Ikiwa mdomoni mwa kopo: mtu mzima.

Koni inaposukuma hewa mbele, inavuta hewa nyuma kwa wakati uleule. Spika ikiwa uchi, hewa ya mbele inazunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma, mawimbi yanauana kabla hayajakufikia, hasa yale mazito. Ukitenganisha mbele na nyuma kwa ubao wenye tundu la kipimo cha spika, au boksi lililozibwa, hayakutani tena. Sina kipimo cha desibeli cha kukupa kwa boksi langu, ila hakuna hatua nyingine niliyoifanya ambayo mtu asiye fundi aliitambua papo hapo bila kuambiwa. Nilitengeneza la mbao nyembamba, nikaziba pembe zote kwa gundi na kuzungushia sponji laini ukingoni mwa spika. Tundu dogo tu la waya lililoachwa wazi lilitosha kutoa mvumo wa kuudhi mpaka nilipolijaza silikoni.

Unaweza kujiuliza kwa nini sikuongeza wati tu tangu mwanzo. Kwa sababu sikio ni bahili. Nguvu ikiongezeka maradufu ni desibeli 3, tofauti ambayo utaitambua ukiwa makini. Ili mtu aseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Ukitoka nusu wati kwenda wati moja umelipia joto zaidi kuliko sauti.

Hata hivyo nilibadilisha amplifaya mwishoni, na hapa ndipo ile niliyoiua inapoingia. PAM8403 ni bodi ndogo ya kiwango cha ukucha wa gumba, inalishwa kati ya volti 2.5 na 5.5, na inasukuma spika kutoka pande zote mbili: upande mmoja ukipanda mwingine unashuka. Kwa volti zilezile 5, spika inaona mtikisiko maradufu, na nguvu inayowezekana inakuwa mara nne ya ile ya LM386. Zile wati 3 zinazotangazwa ni kwa spika ya omu 4 na sauti ikiwa imeshaanza kupasuka. Kwa omu 8 na maneno safi hesabu kama wati moja, na wati moja ndani ya boksi zuri ni nyingi. Kosa langu: mazoea ya LM386 yalinifanya niunganishe waya wa pili wa spika kwenye hasi ya pamoja. Kwenye PAM8403 ile "hasi" ya spika si hasi. Ni pini inayofanya kazi. Ilitoa moshi mwembamba mmoja, ukanyooka juu kama uzi, basi. Ya pili niliiunganisha waya zote mbili za spika kwenye bodi yenyewe na wala si mahali pengine, nikaacha chujio na volumu yangu vilevile mbele yake, na haijawahi kunisumbua.

Kama ningeanza leo, nisingetumia Uno kwa kusema maneno. Ningechukua ESP32, bodi nyingine ya kuprogramu yenye nguvu zaidi, na bodi ya amplifaya ya MAX98357A. Waya tatu za I2S zinapeleka sauti ikiwa bado namba, hakuna PWM, hakuna chujio, na ukuzaji unachaguliwa kwa mguu mmoja, kuanzia desibeli 3 hadi 15. Ukiuacha wazi ni 9. Ila rekodi dhaifu itabaki dhaifu humo pia, na spika iliyolala mezani uchi itasikika vilevile.

Nilimrudishia bibi saa yake siku ya Jumapili. Nikamwamkia, akaitikia, akaipapasa mwenyewe mpaka akakipata kitufe. "Saa tano na robo," ikasema, na paka aliyekuwa amelala chini ya kiti akatoka mbio. Bibi akatikisa kichwa, akabonyeza tena, akatabasamu.

Wiki moja baadaye akanipigia simu. Yeye huamka usiku wa manane kutaka kujua kama kumekaribia kupambazuka, akibonyeza nyumba nzima inaamka. Ile volumu nilikuwa nimeifungia ndani ya boksi, inazungushwa kwa bisibisi. Nikaenda nikatoboa tundu ubavuni, nikaitoa nje, nikaivika kifundo kikubwa, na kwa ncha ya chuma cha kulehemu nikachora mfereji pembeni mwake ili akipapasa gizani ajue imeelekea wapi.

"Hapa ni kupiga kelele," nikamwonyesha kwa kidole chake, "na hapa ni kusengenya."

"Niachie kwenye kusengenya," akasema.

Nikaiacha hapo.